Jicho la Mtoto Si Jicho la Ndama

Kila jioni Mzee Lesikar alikwenda kuleta ng'ombe wake kutoka malishoni. Alikuwa na ng'ombe wanne na ndama mmoja. Wakati wa kurudi, jua lilikuwa mgongoni mwake. Lilijilaza juu ya vilima vya Monduli na kukaa pale, kana kwamba halina haraka. Mbele yake mlima Meru ulikuwa umeshajifunika ukungu hadi mabegani. Ng'ombe walijua njia. Mzee aliwafuata polepole, fimbo begani, nusu macho, nusu usingizini.

Watu wa kijiji walimtania. Walisema Lesikar analala huku anatembea, na kwamba ng'ombe ndio wanaomchunga yeye. Mzee hakukasirika. Alisema mtu mwenye ng'ombe wazuri ana ruhusa ya kuota mchana.

Nyumbani, mjukuu wake Namnyaki alimsubiri mlangoni. Alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Baba yake, Lemburis, alikuwa Mererani akichimba tanzanaiti. Miaka ile vijana wengi walikimbilia huko. Walirudi na vumbi jingi na mawe machache. Mama yake, Nice, aliuza ndizi na viazi sokoni mjini, upande wa Daraja Mbili. Aliondoka alfajiri na kurudi saa kumi. Mchana kutwa mtoto alishinda na babu yake. Walikula pamoja, walilala pamoja chini ya migomba, na waliamka pamoja wakiwa na majani kichwani.

Jioni ilipofika, Namnyaki alisimama kizingitini, ndani ya kivuli cha nyumba. Alitazama kule kwenye mwanga, anakotokea babu. Hapo ndipo jambo lile lilipotokea. Jicho lake la kushoto liliwaka. Liliwaka jeupe kama jicho la paka, mara moja tu, halafu likazimika.

"Nyota yangu imeniona!" mzee alisema.

Namnyaki aliinamisha kichwa, kama watoto wa Waarusha wanavyowasalimu wakubwa. Mzee aliweka kiganja juu ya kichwa kile kidogo chenye joto. Aliipenda saa hiyo kuliko zote. Siku nzima aliingoja.

Aliyeanza kuwa na wasiwasi ni Nice.

"Baba," alimwambia mkwewe jioni moja, "jicho la Namnyaki lina weupe ndani yake. Na siku hizi linakimbia pembeni. Akinitazama, jicho moja linanitazama mimi, jingine linatazama mlango."

"Ni ukungu wa jicho," alisema Lesikar. "Ndama wanaupata kila kiangazi. Vumbi, inzi, majani makavu. Unakuja, unaondoka."

"Lakini huyu ni mtoto, baba."

"Jicho ni jicho. Nani kijijini hapa anajua macho kunishinda mimi?"

Nice alijua ni kweli. Hakuna aliyemshinda. Watu walimletea ndama wenye macho meupe kutoka mbali. Lesikar alitafuna tumbaku na magadi, akamshika ndama kichwa, akampulizia jichoni. Kisha alimwambia mwenye mali, "Subiri miezi miwili." Mara nyingi miezi miwili ilipokwisha, jicho lilikuwa limetakata. Kwa kazi hiyo alisifiwa na kuitwa kwenye sherehe, akakatiwa nyama nzuri.

"Mtoto nitamfanyia cha upole," alisema. "Sitamtia tumbaku."

Alichanganya chumvi kidogo na maziwa. Nice alimshika mtoto mikono. Mzee alidondosha matone matatu jichoni. Namnyaki alilia kwa uchungu. Nice aligeuza uso ukutani.

"Miezi miwili," alisema mzee. "Mtaniambia."

Wewe unayesoma, usimwone mzee huyu mjinga, wala usimwone mkatili. Alimpenda mtoto yule hadi akasahau ugoro wake. Lesikar alikuwa fundi. Shida ya fundi hodari ni kwamba kila kitu akikitazama anaona ni kazi yake.

Mwezi wa kwanza ulipita. Jicho halikutakata. Mwezi wa pili nao ulikaribia kwisha. Sasa jicho liliwaka hata mchana, mtoto akiwa kivulini. Weupe wake ulikuwa umekua. Asubuhi nyingine jicho lilikuwa jekundu, na Namnyaki alilisugua kwa ngumi. Mzee aliporudi jioni hakusema tena "nyota yangu." Alitazama chini mpaka alipofika mlangoni. Aliogopa kuiona.

Usiku na mchana aliota ndoto moja. Aliota anatembea ndani ya ukungu mzito, juu kabisa, kwenye msitu wa mlima. Mbele yake kulikuwa na nuru ndogo nyeupe. Aliifuata. Kila akikaribia, nuru ilisogea mbele. Aliamka kabla hajaifikia.

Wiki ileile, ndama wake naye alipata ukungu wa jicho. Lesikar akafunga safari mpaka Elerai, kwenye duka la dawa za mifugo la Gadiel. Gadiel alikuwa Mmeru. Kwa miaka kumi na saba alikuwa bwana mifugo wa serikali. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, yeye alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Hakukaa kulia. Alifungua duka, na bado alipanda mlima kila wiki kuchanja ng'ombe wa watu.

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe dawa ya macho ya ndama. Ile ya tyubu. Nipe mbili."

Gadiel alicheka. "Leo fundi wa tumbaku anataka tyubu? Dunia inabadilika. Ndama wangapi?"

"Wawili."

"Wawili? Juzi nimekuchanjia ng'ombe, nikaona ndama mmoja. Huyu wa pili katoka wapi?"

Lesikar alitazama nje, barabarani. "Yupo. Jike."

"Ana umri gani?"

"Miaka miwili na nusu."

"Basi huyo si ndama, mzee. Huyo ni mtamba."

"Ni mdogo," alisema Lesikar. "Ni mdogo sana."

Gadiel aliweka tyubu juu ya meza lakini hakuziachia. "Anakula nini?"

"Ugali," alisema mzee. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Na ndizi, akipata."

Nje mtu alikuwa akipiga kengele ya baiskeli.

"Mzee Lesikar," alisema Gadiel taratibu, "huyo ndama ana jina?"

"Namnyaki."

Gadiel hakumcheka, na Lesikar hakulisahau jambo hilo maisha yake yote. Gadiel alirudisha tyubu moja kabatini, akatia nyingine mfukoni, akafunga duka mchana wa Jumamosi, siku ya wateja. Wakapanda pamoja.

Walimkuta Nice akimenya viazi. Gadiel aliomba ndama aletwe mlangoni. Aliomba na mtoto asimamishwe hapohapo, kwenye mpaka wa kivuli na mwanga.

"Mimi nilisomea ng'ombe, si watu," alisema. "Lakini jicho lililougua nje na jicho lililougua ndani nazijua tofauti zake. Mzee, njoo utazame. Kwanza ndama. Usimtazame mbele, mtazame kutoka ubavuni. Weupe uko wapi?"

Lesikar alichuchumaa. "Uko juu. Juu kabisa ya jicho."

"Kama nini?"

"Kama utando juu ya maziwa yaliyopoa."

"Vizuri sana. Sasa mtazame mtoto, hivyohivyo. Juu ya jicho kuna utando?"

Lesikar alimtazama mjukuu wake kutoka ubavuni. Alikaa muda mrefu. Alikuwa amelitazama jicho lile kila siku, lakini siku zote kwa mbele, siku zote kwa mapenzi. Juu ya jicho hapakuwa na kitu. Palikuwa safi kama maji ya kisimani.

"Hakuna," alisema.

"Basi weupe uko wapi?"

"Ndani. Nyuma ya lile duara jeusi. Kule chini."

"Lile duara jeusi ndiyo mboni. Ni dirisha la jicho. Kitu cheupe kikionekana nyuma ya dirisha, ujue kiko ndani ya nyumba. Tumbaku haifiki huko. Chumvi haifiki. Hata tyubu yangu haifiki." Gadiel alimgeukia Nice. "Mama Namnyaki, mpe kitu anachokipenda."

Nice alimpa ndizi mbivu. Gadiel alinyoosha kiganja, akaliziba jicho la kushoto. Namnyaki aliendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akaliziba jicho la kulia. Mtoto alipiga kelele, akausukuma mkono wa Gadiel, ndizi ikaanguka. Aliitafuta chini kwa kupapasa. Ilikuwa mbele ya mguu wake, na hakuiona.

Nice aliweka mkono mdomoni. "Haoni," alisema. "Jicho lile halioni!"

"Halioni," alisema Gadiel. "Sitawaambia ni ugonjwa gani, si kazi yangu. Lakini nilifundishwa hivi: mtoto akiwa na weupe ndani ya mboni, au jicho likianza makengeza ghafla, hapewi dawa ya nyumbani na hasubirishwi. Anapelekwa kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo. Jumatatu nendeni hospitali mjini, wawaandikie barua ya kwenda Moshi. Msingoje mwezi uandame."

Kabla ya kuondoka, alimpaka ndama dawa. Ndama alitikisa masikio, akaenda zake.

Jumanne walikuwa Moshi, katika hospitali kubwa. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, Mchaga, jina lake Aika. Namnyaki alipomwona aliinamisha kichwa. Daktari alikuwa amewazoea watoto wa upande wa Arusha. Aliweka kiganja pale panapostahili, ndipo akaanza kazi.

Alimtia mtoto matone ya kupanua mboni. Baadaye alimpa dawa ya usingizi, akayachunguza macho yote mawili kwa taa. Babu na mama walikaa kwenye benchi. Lesikar alihesabu matofali ya ukuta, akapotea, akaanza tena.

Mwisho daktari aliwaita ndani. Aliwapa viti na akaketi karibu nao.

"Nitasema wazi," alisema. "Ni kansa. Iko ndani ya jicho la kushoto, nyuma ya mboni. Weupe mnaouona, ndiyo yenyewe inamulikwa na mwanga. Huwapata watoto wadogo, wengi wao kabla ya miaka mitano."

"Kansa?" alisema Nice. "Mtoto mdogo hivi? Amemkosea nani?"

"Hajamkosea mtu. Na wewe hujakosea, mama. Si laana, si kijicho cha jirani, wala haiambukizi. Jicho la kulia ni zima kabisa. Lakini la kushoto limejaa. Lazima tulitoe."

Lesikar alinyanyua kichwa. "Toeni ugonjwa. Jicho liacheni."

"Ugonjwa umelijaza jicho, mzee. Hauchomoki peke yake."

"Ng'ombe chongo hata mnadani watu wanampita. Wewe unataka nimrudishe mjukuu wangu wa kike akiwa chongo?"

"Kwanza sikiliza," alisema daktari bila kukasirika. "Jicho hilo halioni tena. Hatumnyang'anyi kuona, kuona kumeshaondoka. Pili, nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu. Unatoka kwenye jicho, unaingia kwenye ubongo. Hiyo ndiyo njia. Kansa ikiishika njia hiyo, itamuua mtoto."

"Imeshaishika?"

"Kwa ninavyoona, bado. Watoto wengi wakiwahi hivi wanapona. Ndiyo maana nataka kumpasua Alhamisi. Keshokutwa."

Lesikar alisimama. "Jambo la boma haliamuliwi kwenye kiti cha mtu. Nitarudi nyumbani nikae na wazee. Mwezi ukiandama tutakuletea jibu."

Lazima ujue kwamba Lemburis alikuwa ametuma neno kutoka Mererani. Alisema, "Baba ndiye mwenye boma. Atakalosema, ndilo." Nice naye, tangu aolewe, hakuwahi kumjibu mkwewe. Alimpa chakula kwa mikono miwili, akamsikiliza na kuinamisha macho. Sasa alisimama. Tumbo lake la miezi sita lilionekana chini ya kitenge.

"Baba," alisema, "ulisema miezi miwili. Nilinyamaza miezi miwili. Nilimshika mtoto mikono ukimtia chumvi. Leo sinyamazi. Ukikataa, nitasaini mimi. Ukinifukuza nitaondoka naye. Nitaondoka naye akiwa na jicho moja, lakini akiwa hai."

Lesikar alitoka nje. Hasira ilimjaa, na chini ya hasira kulikuwa na hofu kubwa kuliko hasira yenyewe.

Aliketi kwenye nyasi, penye jua. Mbele yake Kilimanjaro ulikuwa umefichwa na mawingu, kama vile haupo. Mzee aliegemea ukuta. Hakuwa amelala siku mbili. Macho yalimfunga.

Ndoto ileile ikaja. Ukungu, msitu, nuru nyeupe. Safari hii aliisikia sauti ya ndama akilia mbele yake. Alikimbia. Nuru ikasogea, naye akaifuata, mpaka fimbo yake iliyotangulia ikakosa ardhi. Alisimama. Ukungu ukafunguka kidogo. Miguuni pake palikuwa na korongo, refu, halionekani chini. Nuru ilielea upande wa pili, nzuri kupita kiasi, ikimwita ndama.

"Usiifuate!" alipiga kelele. "Si nyota hiyo! Rudi!"

Akaamka kwa sauti yake mwenyewe. Mbele yake alisimama msichana wa miaka kumi hivi, mwenye gauni la shule, anakula muwa.

"Shikamoo babu. Nani asifuate?"

"Marahaba. Hakuna. Nilikuwa naota." Lesikar alipangusa uso. "Wewe ni nani? Unaumwa?"

"Naitwa Elinaza. Siumwi. Nimekuja na shangazi, daktari ananitazama kila mwaka. Nilitolewa jicho nikiwa na miaka mitatu. Nilikuwa na kansa."

Mzee alimtazama. Macho mawili meusi yalimtazama pia, yakicheka.

"Unanidanganya. Una macho yote mawili."

"Moja ni la bandia. Kisia lipi."

Lesikar alikaa vizuri. Hiyo sasa ilikuwa kazi yake. Kwa miaka arobaini alinunua ng'ombe kwa kuwatazama macho, na hakuna dalali aliyewahi kumwuzia ng'ombe mbovu. Alimwambia Elinaza ageukie jua. Akamwambia atazame juu, kisha chini. Alimtazama kwa mbele, akamtazama kutoka ubavuni.

"La kulia," alisema kwa uhakika.

Elinaza alicheka mpaka muwa ukamponyoka. "Umekosa! La kushoto! Kila mtu anakosa. Hata mwalimu alikosa."

"La kushoto," alirudia mzee. "Na unasoma vizuri?"

"Wa tatu darasani. Na kamba naruka. Na hakuna anayenipita kwa kukimbia, isipokuwa Kaanaeli, lakini yeye ana miguu mirefu."

Lesikar alilitazama tena lile la kushoto. Aliona aibu, na aibu ile ilimfaa kama dawa. Hakuweza kulitambua jicho la bandia mchana kweupe, mbele ya pua yake. Basi hata ugonjwa ndani ya jicho la mjukuu wake hakuwa na namna ya kuutambua. Katika kazi ya macho ya binadamu, yeye alikuwa mwanafunzi tu.

Aliinua mkono. Elinaza hakuwa Mwarusha, hakujua maana yake, lakini alielewa kwamba babu huyu anataka kumbariki. Akainama. Mzee aliweka kiganja, akasema kwa Kiarusha, "Sidai. Sidai sana." Vizuri sana.

Kisha akarudi ndani. Nice alikuwa amekaa palepale, mtoto amemlalia kifuani.

"Karatasi iko wapi?" aliuliza Lesikar.

Daktari alimsogezea.

"Aanze mama," alisema mzee. "Yeye ndiye aliyeona kwanza, mimi nikamnyamazisha."

Nice aliandika jina lake, herufi moja moja. Lesikar aliweka dole gumba chini yake. Hakuondoka.

"Daktari, nikuulize. Nilimtia chumvi na maziwa. Mimi ndiye niliyemletea?"

"Hapana, mzee. Chumvi haileti kansa. Lakini ilimuunguza mtoto jicho, na ilikula miezi miwili. Kansa haiketi kusubiri dawa zetu za nyumbani. Shukuruni mmewahi."

Mzee alilia hapo, waziwazi, mbele ya wanawake wawili na mtoto aliyelala. Nice alimpa ncha ya khanga yake ajifute.

Alhamisi asubuhi Namnyaki alipewa dawa ya usingizi, akapasuliwa. Hakusikia maumivu. Saa sita walimrudisha wodini, bandeji imefunika jicho. Lesikar alisimama mlangoni mwa wodi, hathubutu kuingia. Aliogopa kwamba mtoto atamtazama kama mtu aliyemsaliti.

"Namnyaki," aliita kwa sauti ndogo.

Mtoto aligeuza uso. Alimtafuta kwa jicho lake moja, akamwona. Akiwa bado amelewa usingizi, aliinamisha kichwa kwenye mto. Babu yake akaingia, akaweka kiganja.

Jicho lililotolewa lilipelekwa maabara kuchunguzwa. Baada ya wiki tatu majibu yalitoka. Kansa ilikuwa haijaushika mshipa wa nyuma. Daktari Aika alieleza kwamba kwa hiyo Namnyaki hatahitaji dawa kali za kansa. Wengine wanaochelewa huzihitaji, na wengine hata hizo haziwasaidii tena. Lakini alisisitiza jambo moja. Mtoto lazima arudi kila tarehe aliyoandikiwa, hata kama anacheza na kula vizuri, ili jicho la kulia liangaliwe.

"Na huyu aliye tumboni," alimwambia Nice. "Kansa hii mara nyingine hutembea ndani ya ukoo. Akizaliwa, mleteni nimtazame. Msingoje mpaka muone weupe."

Nyumbani, Nice alinawa mikono kwa sabuni kila mara kabla ya kusafisha mahali lilipotolewa jicho kwa maji safi yaliyochemshwa. Wiki saba baadaye walirudi Moshi. Namnyaki aliwekewa jicho la bandia. Lilikuwa jeusi, lenye rangi ileile ya jicho lake la kulia. Siku za kwanza alilitoa akataka kumpa kuku. Nice alimkimbiza kuku uani mara mbili. Baadaye mtoto alizoea.

Lemburis alirudi kutoka Mererani na vumbi lake. Alimtazama binti yake kwa muda, kisha akamwuliza baba yake, "Lipi?"

"Kisia," alisema Lesikar.

Lemburis alikosa. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Mtoto wa kiume alizaliwa mwezi wa Juni, wakati wa baridi. Kabla hajatimiza wiki mbili, Lesikar mwenyewe ndiye aliyewaharakisha kwenda Moshi. Macho yote mawili yalikuwa mazima. Daktari aliwapa tarehe za kumrudisha hata hivyo.

Watu waliendelea kumletea mzee ndama wenye macho meupe. Alianza kutumia tyubu ya Gadiel, ingawa alinung'unika kwamba inanuka. Siku moja mwanamke kutoka kijiji cha pili alimletea mtoto mwenye makengeza, ameleta na tumbaku kabisa. Lesikar aliirudisha tumbaku. Alimsimamisha mtoto mlangoni, mpakani mwa kivuli na mwanga, akachuchumaa kutazama. Hakuona weupe wowote.

"Sioni kitu," alisema. "Ndiyo maana utampeleka kwa daktari wa macho. Ndama mlete kwangu. Mtoto hapana. Nenda kesho, nami nitakusindikiza mpaka barabarani."

Naye alimsindikiza.

Namnyaki alipofikisha miaka minne, bado alimsubiri babu yake kila jioni. Siku moja Lesikar alirudi na ng'ombe, jua mgongoni, nusu macho, nusu usingizini. Ndama wa zamani alikuwa sasa mtamba mkubwa, macho yake maangavu. Ukungu ulikuwa mabegani mwa mlima. Mzee aliinua uso, akautazama mlango. Tangu siku ile ya Moshi alikuwa amerudia kuutazama bila kuogopa.

Mtoto alisimama kizingitini, ndani ya kivuli, akitazama kwenye mwanga. Macho yake mawili yalikuwa meusi. Hakuna lililowaka.

Lesikar alisimama katikati ya njia, ng'ombe wakampita. Alimshukuru Mungu kwa weusi ule, na Namnyaki akaja mbio, kichwa kimeshainama, akitafuta kiganja.